Maktaba ndogo ya mtaa Kisauni: tuanze na vitabu gani vipya kwa shilingi 60,000?

BarazaKisauni

Assalaam alaykum, na habari zenu wapenda vitabu.

Hapa Kisauni kumepatikana chumba cha mita 3 kwa 4 kiwe cha kusomea, na mchango uliokusanywa ni shilingi 60,000. Rafu za mbao zipo tayari. Watakaokuja ni wa kila rika: watoto wa gredi ya kwanza hadi ya sita, ndio wengi, vijana wa sekondari na waliomaliza, kina mama wa chama, ambao wamesema wazi wanataka hadithi nzuri pamoja na mambo ya afya na biashara, na wazee wa barazani, baadhi yao macho yamepungua nguvu. Lugha ni Kiswahili, Kiingereza kidogo tu.

Pesa zigawanywe vipi? Vitabu gani vya karibuni vifae, vya hadithi na vya maarifa? Na tufanye nini visiote kuvu, maana unyevu wa Mombasa kila mtu anaujua? Naomba majibu yenye hesabu na majina.

JaladaGumu

Wa alaykum salaam. Naanza na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo maktaba nyingi za mtaa hukwama: pesa yote huishia kwenye vitabu, kisha hakuna ya kuvifunika wala ya daftari. Tengeni 9,000 kwanza za plastiki angavu ya majalada, muhuri, wino, lebo na daftari kubwa la kuandikishia. Zinabaki 51,000. Watoto wapeni 23,000. Vitabu vyao ni vyembamba, mkikadiria 300 kimoja mtapata kama 76. Vijana 10,000, kwa wastani wa 500 ni vitabu 20. Riwaya za watu wazima 9,000, kwa 750 ni 12. Elfu tisa za mwisho ni za kamusi na maarifa, ambavyo ni ghali zaidi, kwa hiyo msitarajie zaidi ya vinane au tisa. Bei hizi ni za makadirio. Kila duka liulizeni kama bei waliyotaja ina VAT ndani yake, kwa sababu sheria ya 2013 iliviingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, na tofauti hiyo kwa 51,000 ni zaidi ya 8,000.

Sasa hilo neno "vipya". Riwaya za Kiswahili za watu wazima hazitoki kwa wingi kama vitabu vya shule. Mkisema mnataka za mwaka huu tu, mtatoka dukani na miongozo ya mtihani. Kipya kichukulieni kuwa kitabu ambacho msomaji wenu hajalazimishwa kukisoma darasani.

Kwa watu wazima, cha kwanza kununua ni *Peponi*. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Yusuf anatolewa na babake kwa tajiri wa misafara kwa sababu ya deni, na anasafiri naye kutoka pwani hadi bara. Msomaji wa Mombasa haelezwi pwani ni nini, na mazungumzo ya wahusika yanasikika kama yamerudi nyumbani kwao. Kina mama wa chama wapeni *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, na karibu yake muweke *Mmeza Fupa* ya Ali Hilal Ali. Zote mbili zilishinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na ambayo siku hizi inaitwa Safal-Cornell. Orodha za tuzo hiyo zifuatilieni kila zinapotoka; ndizo dirisha la kuona nini kinaandikwa sasa. Ila inapokea na miswada ambayo haijachapwa, basi msishangae duka likikwambieni jina fulani halipo. Huenda halijawa kitabu bado.

Vijana: *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ni ya 1999, lakini filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji 2021 imeifanya iulizwe upya. Wape wa miaka 16 kwenda juu. *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) haijachakaa: kijana aitwaye Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale, na sura zake si ndefu, jambo ambalo kwa msomaji asiyezoea kumaliza kitabu ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Mtaombwa vitabu vya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, siku ya kwanza kabisa: *Bembea ya Maisha*, *Nguu za Jadi* na *Mapambazuko ya Machweo*. Nunueni nakala mbili mbili, zisomewe humo humo bila kuazimwa, na msizidishe. Darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, lilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, 2023 na litamaliza kidato cha nne 2027. Baada ya hapo wanaovikimbilia watapungua sana. Miongozo msinunue hata mmoja. Mwongozo ukiwa rafuni, riwaya yenyewe haifunguliwi.

Maarifa: *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA, ikae mezani. Wasifu unaosomeka kama hadithi: *Nasikia Sauti ya Mama* ya Walibora na *Mbali na Nyumbani* ya Adam Shafi. Wazee wa barazani wapeni mashairi, na kwa Mombasa siwezi kuacha *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973), mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972, tena kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Mzee ambaye macho hayamruhusu atasomewa na mjukuu, naye atamfafanulia mjukuu maneno. Hapo kitabu kimoja kina wasomaji wawili.

KurasaNaKalamu

Nakubaliana na JaladaGumu kwa mengi, lakini kwa watoto msitumie 23,000 zote kwa mpigo. Nunueni kwa 12,000, subirini miezi mitatu, hesabuni ni vitabu gani vimetoka mara tano na vipi havijaguswa, ndipo mnunue vilivyobaki. Mtu mzima anapochagulia watoto bila kuwaona huishia kwenye hadithi za mafunzo zinazofanana.

Pangeni vitabu vya watoto kwa wingi wa maneno katika ukurasa. Umri unapotosha. Chini ya maneno 10 kwa ukurasa, picha kubwa: anayeanza kuunganisha silabi. Kati ya 10 na 25: sentensi mbili tatu. Hadi 50: aya fupi. Zaidi ya 50: vya kusomewa na mkubwa, au vya gredi ya nne kwenda juu. Bandikeni lebo ya rangi mgongoni, rangi nne zinatosha. Katika vitabu vile 76, theluthi mbili ziwe za ngazi mbili za chini. Watoto wa gredi ya tatu na ya nne ambao bado wanajikokota ni wengi kuliko wazazi wanavyokiri, na hao hawana cha kusoma kama rafu imejaa vitabu vya kurasa 60.

Jambo linalowapoteza wengi: kile kipimo cha vidole vitano, kwamba mtoto akikutana na maneno matano asiyoyaweza katika ukurasa basi kitabu kimemshinda, kilitengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi atasoma "mnyumbuliko" kwa sauti safi bila kujua ni kitu gani. Mwacheni asome kurasa mbili, fungeni kitabu, mwambieni ahadithie. Akihadithia kwa mpangilio, kitabu ni chake. Akirudia maneno ya mwisho tu, mteremsheni ngazi moja bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Na hapa kwetu kuna la ziada. Mtoto wa Mjini au Kisauni anaweza kuwa nyumbani anasikia "ndia", "ndaa" na "mato", kitabuni anakuta "njia", "njaa" na "macho". Anayesoma naye asimkosoe kana kwamba amevunja lugha. Amwambie tu kwamba kitabu kimeandika hivi na nyumbani twasema vile.

Kabla ya kulipa, fungueni African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, kwenye simu. Zimo hadithi nyingi za Kiswahili za bure, na leseni yake inaruhusu kuchapa. Hadithi ya kurasa 12 ikichapwa pande mbili kwenye karatasi za A4 zilizokunjwa katikati inatumia karatasi tatu, na pini mbili mgongoni. Chapeni nyeusi na nyeupe, watoto wapake rangi wenyewe. Mtihani mmoja: mchapaji akisahau kupanga kurasa kwa mfumo wa kijitabu, ukurasa wa 12 utakaa mbali na wa 1. Mwambieni achape nakala moja kwanza mkunje muone.

BarazaKisauni

Shukrani sana, nyote wawili. Kuna muuzaji anatuletea vitabu kwa nusu bei, anasema ni toleo jipya. Tutajuaje kama ni vya halali? Na vitabu vya maarifa ambavyo watu wanatuchangia, tunakubali vyote?

ToleoLaPili

Dada au kaka, kitabu kifungueni ukurasa ule wa nyuma ya jina, wenye hakimiliki. Hapo tofautisheni *toleo* na *chapa*. Toleo la pili maana yake maandishi yamepitiwa na kubadilishwa. Chapa ya tano ni kitabu kile kile kimerudishwa mtamboni, pengine kwa jalada jipya. Muuzaji anayewauzia chapa kwa jina la toleo hajawaibia maneno, lakini msilipe zaidi kwa sababu ya jalada.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nayo inasema. Baada ya 978, vitabu vya Kenya huwa na 9966 au 9914, na vya Tanzania 9976, 9987 au 9912. Namba iliyo ndani ilingane na ile ya jalada la nyuma. Nakala za wizi huonyesha dalili kadhaa kwa pamoja: herufi zimefifia au zina kivuli kwa kuwa zimepigwa picha kutoka kitabu kingine, mistari imepinda kidogo, pambizo la ndani jembamba hadi maneno yanameza mgongo, na picha ya jalada ina ukungu. Hesabuni kurasa pia. Hufungwa kwa haraka, kurasa 17 hadi 32 zikajirudia na 33 hadi 48 zikakosekana, na hamtajua mpaka msomaji afike hapo. Nusu bei kwa kitabu kinachouzwa sana cha shule inatosha kuwatia shaka. Nakala hizo zikikamatwa hupotea zote bila fidia, na mwandishi hakupata hata shilingi. Ombeni risiti yenye jina la duka. Asiyetoa, msinunue.

Vya kuchangiwa: la, msikubali vyote. Kitabu cha hadithi hakipitwi na wakati, cha maarifa hupitwa. Kuna kipimo cha dakika tano. Tafuteni ukurasa unaotaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kikitaja nchi tano, kimeandikwa kabla Sudan Kusini haijaingia 2016. Kikitaja saba, ni kabla ya Somalia kuingia 2024, na sasa ni nane. Kitabu cha uraia kinachozungumzia mikoa na wakuu wa mikoa kama utawala wa leo ni cha kabla ya Katiba ya 2010 na kaunti 47. Cha sayansi kinachohesabu sayari tisa ni cha kabla ya 2006, au mwandishi hakujali. Cha historia ya pwani kikiwaambia Fort Jesus ilijengwa 1498, kimechanganya: mwaka huo ndio Vasco da Gama alipofika Mombasa, ngome yenyewe ilianza kujengwa 1593. Kosa moja kama hilo likiwa wazi, mengine yaliyofichika yapo.

Kwa vya afya muwe wakali zaidi. Dozi za dawa, ratiba za chanjo, ulishaji wa watoto wachanga: kama kina zaidi ya miaka mitano na hakionyeshi kimepitiwa na nani, kisikae rafuni hata kama ni kizima kama kipya. Kusema kweli, vitabu vya afya na biashara ndogo kwa Kiswahili vilivyo vizuri ni vichache, na hamtavijaza kwa pesa. Biashara: kitabu kimoja cha kuweka hesabu chenye mifano ya daftari la mapato na matumizi, kuliko vitatu vya kuhamasisha. Katiba ya 2010 ipo kwa Kiswahili, iwekeni, itaombwa.

Vitabu vya Mkuki na Nyota na wachapishaji wengine wa Dar vikikosekana madukani Mombasa, agizeni kwa pamoja, si kimoja kimoja. Mabasi ya Dar hupita Horohoro na Lunga Lunga. Ankara iandike jina, idadi na bei ya kila kitabu, na mwulize muuzaji mapema nani atashughulika na forodha. Mzigo usio na ankara ndio unaokwama.

ChumviNaKaratasi

Nijibu la unyevu, kwa sababu vitabu vyote hivyo vitaharibika mwaka wa kwanza mkikosea chumba.

Kuvu huanza unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa mahali pasipopita upepo. Pwani tunauvuka huo sehemu kubwa ya mwaka, na Aprili na Mei za masika ndio hatari kabisa. Hivyo hamwezi kuuondoa unyevu. Mnachoweza ni kuifanya hewa isitulie. Rafu isigusane na ukuta, acheni sentimita 5 hadi 8 nyuma yake, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Vitabu visibanwe: kidole kiingie juu na ukivuta kitabu wenzake wasifuatane nacho. Kabati la milango iliyofungwa linapendeza, lakini hapa ni chumba cha kuoteshea kuvu. Kama lazima lifungwe, toboeni matundu juu na chini au wekeni wavu. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe saa nne asubuhi hadi saa kumi, yafungwe mvua inaponyesha. Rafu ya kitabu isitazame jua la mchana, gundi ya mgongo hukauka na kurasa hutoka kama majani.

Ndiyo maana mkinunua angalieni kitabu kimefungwaje. Kifungueni katikati mkitazame mgongo kwa juu. Mkiona mafungu mafungu ya karatasi zilizokunjwa, kimeshonwa uzi, kitaishi. Mkiona ukuta mmoja laini wa gamu, kitahimili kiasi, na kikifunguliwa kwa nguvu mara ya kwanza kitapasuka. Kitabu kipya cha gamu kifunguliwe kurasa kumi kumi kutoka pande mbili kuelekea katikati, mkipapasa taratibu.

Plastiki ya jalada isigandishwe kwenye kitabu. Ikunjeni ndani, mgandishe plastiki kwa plastiki tu. Selotepu juu ya karatasi hugeuka kahawia, hutoa gundi, na mende huifuata gundi hiyo. Wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha pia hula gamu na wanga. Wakionekana, au kitabu cha kuchangiwa kikija na vitundu, kifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, toeni hewa, kikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka, msifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo maji ya ubaridi yatajikusanya kwenye karatasi zenyewe. Dawa ya kupuliza isielekezwe vitabuni kabisa. Mchwa wadhibitiwe kwenye sakafu na miguu ya rafu.

Kuvu ikishatokea, watu wengi hukosea kwa kupangusa na kitambaa chenye maji. Hiyo ni kuipanda. Tengeni kitabu peke yake, kianikeni kivulini penye upepo kimesimama wazi mpaka kiwe kikavu kabisa, kisha nje ya chumba mkipige brashi laini kutoka mgongoni kwenda ukingoni, mkiwa mmefunga pua na mdomo. Madoa yatabaki, unga utatoka. Harufu ya uvundo ikirudi baada ya wiki, kitoeni.

BarazaKisauni

Haya maelezo tunayachapa na kubandika ukutani. La mwisho: tupange kwa namba za Dewey, zile za kugawa vitabu kwa mada, kama maktaba ya KNLS (ya taifa) kule mjini, na tuazime kwa masharti gani?

JaladaGumu

Dewey haitawasaidia kwa ukubwa huo. Fasihi yote ya Kiswahili inaingia 896.392, kwa hiyo karibu riwaya zenu zote zitakuwa na namba moja. Pangeni hadithi kwa herufi ya kwanza ya jina la mwandishi *kama lilivyo jaladani*, maana Adam Shafi kwengine ameandikwa Shafi Adam Shafi, na mkianza kubishana jina la ukoo ni lipi kitabu kimoja kitakaa sehemu mbili. Maarifa yagawanywe kwa mafungu matano tu: lugha, dini, afya na nyumba, historia na watu, kazi na pesa.

Daftari liwe na namba ya kitabu (anzeni 001 na isirudiwe hata kitabu kikipotea), tarehe kilipoingia, jina, mwandishi, mwaka wa chapa, kilinunuliwa au kimechangiwa, na bei. Muhuri pigeni nyuma ya ukurasa wa jina na ukurasa wa 21, si kwenye jalada. Watoto siku 7, kitabu kimoja. Watu wazima siku 14, viwili. Amana ya pesa msitoze, inafukuza haswa wale mnaowataka. Chukueni jina, namba ya simu, na jina la jirani anayemjua. Kitabu kikipotea, alete hicho hicho au kingine cha bei ile ile kutoka fungu hilo hilo.

KurasaNaKalamu

Niongeze moja kuhusu wazee wa macho mabovu. Kabla ya kununua diwani, pimeni herufi: urefu wa herufi ndogo kama "a" ukiwa chini ya milimita 2, mzee atapata shida hata akivaa miwani. Chukueni rula mkienda dukani.